Maneno yanayofanana sura: tiba kutoka Kiingereza kwenda Kirusi

Ndugu wanafunzi, mtafsiri anayeanza huogopa istilahi ndefu za Kilatini na Kigiriki. Hizo zina kamusi. Mimi nahofia zaidi yale maneno mafupi yenye sura moja katika lugha zote mbili, kwa kuwa hakuna anayejisumbua kuyatafuta.

Chukueni "angina". Daktari wa London akiliandika peke yake kwenye faili, kwa kawaida anazungumzia moyo: misuli yake haipati damu ya kutosha, kifua kinabana. Mrusi akisikia angina anafikiria koo, mafindofindo yaliyovimba, homa, mtoto asiyeweza kumeza. Ugonjwa ule wa moyo yeye huuita stenokardiya. Zamani waliuita grudnaya zhaba, chura wa kifuani, na kwangu jina hilo linaueleza ule mbano kuliko istilahi yoyote. Sasa mgonjwa wa miaka 60 anahamishiwa Moscow, na katika muhtasari wa matibabu yake neno hilo limeachwa lilivyo. Ataambiwa afungue kinywa aangaliwe koo, ilhali moyo ndio unaodai msaada.

Yako mengine. Insult ya Kirusi ni kiharusi, si tusi. Preservativ si dawa ya kuzuia chakula kisioze, ni kondomu. Mengine hayafanani hata kidogo: kimeta, ambacho Waingereza hukiita "anthrax", kwa Kirusi ni sibirskaya yazva, kidonda cha Siberia. Jina hilo lilitoka kwa daktari Stepan Andreevsky, ambaye mwaka 1788 alijiambukiza kwa makusudi ili athibitishe kwamba mifugo na watu huugua ugonjwa uleule. Kwenye kemia, uglevod ni kabohaidreti na uglevodorod ni haidrokaboni. Silabi mbili tu zinatenganisha chakula na petroli.

Penye uzito zaidi ni ripoti za majaribio ya dawa. Kiingereza hutenga "efficacy", yaani dawa ilivyofanya kazi ndani ya jaribio lenye masharti makali, na "effectiveness", inavyofanya kazi kwa wagonjwa wa kawaida, wengine wakisahau dozi. Kirusi mara nyingi hutumia effektivnost kwa yote mawili. Dhana hizo mbili zikikutana katika aya moja, msiziache zimezane: elezeni kwa maneno kamili ni matokeo ya jaribioni au ya kliniki za kila siku. Mhariri akilalamika kwamba sentensi imerefuka, mwonyesheni majedwali mawili yenye asilimia tofauti.