Kizazi kikishuka: hicho kiraka kimetoka wapi?

Asanteni mama zangu, dada zangu, na kina baba wachache mliokuja, karibuni sana. Leo tunaongelea kizazi kushuka na sitatumia mafumbo, maana mafumbo ndo yamewaweka wengi na hii shida miaka na miaka, mtu anasikia uzito unateremka ukeni, akikaa ni kama amekalia yai, mkojo hauishi wote, na hamwambii hata dada yake wa tumbo moja.

Kule chini kwenye nyonga kuna misuli na tando ngumu zinazoshika kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Uzazi wa mara nyingi, mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu, umri, basi zinalegea. Opresheni ya kawaida dokta anakusanya tando zako mwenyewe anazishona. Lakini kwa wengine zinalegea tena, ndo likaja wazo la kutia kiraka.

Kipo cha plastiki, kama kipande cha wavu, hii wanayoita meshi. Hiyo imeumiza wanawake jamani, wengine ilitoboa ikatokeza ukeni, mpaka Aprili 2019 kule Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, ikaagiza kampuni ziache kuuza meshi za kuweka kwa kupitia ukeni kwa tatizo hili.

Halafu kipo cha tishu. Inaweza kuwa utando wako uliokatwa pajani, maana yake una kidonda cha pili, au wa marehemu aliyejitolea, au ngozi ya nguruwe, au utumbo wake mwembamba, au ule utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Wanaisafisha mpaka seli zinatoka zinabaki nyuzinyuzi tu. Ule wa utumbo unakuja kama karatasi nyeupe kavu, unalowekwa kwenye maji ya chumvi dakika chache unalainika, ndo unashonewa. Matumaini ni kwamba mwili wako utaingia humo ujenge utando mpya, na kiraka kiyeyuke polepole.

Sasa mtu akisikia "tishu ya asili" anaona hii ndo salama na ndo imara, hapo naomba mnisikilize vizuri. Uingereza walifanya utafiti unaitwa PROSPECT, wanawake 1,348 waliokuwa wanarekebishwa kwa mara ya kwanza, wengine mshono tu, wengine meshi, wengine tishu, na miaka miwili baadaye waliowekewa kiraka hawakuwa na nafuu kuliko walioshonwa tu. Na utafiti wa Marekani wa 2005, opresheni ya kupitia tumboni, baada ya mwaka utando wa marehemu ulikuwa bado umeshika kwa asilimia 68 ya wanawake waliowekewa, meshi kwa asilimia 91. Yaani mwili unaweza kuuyeyusha kabla haujajenga wa kwake.

Na hili la nguruwe, mimi linanigusa sana. Mama Muislamu anasaini karatasi, hakuna aliyemwambia, anakuja kujua kiraka kishashonewa ndani. Hiyo si sawa kabisa! Uliza kabla hujasaini, dokta hiki ni cha mnyama gani, na kama hutaki kuna njia gani nyingine, ana wajibu wa kukujibu.

Njia nyingine mojawapo ninayo hapa mkononi, inaitwa pesari, pete ya silikoni, inaingizwa ukeni inashikilia kizazi bila kisu, inatolewa inaoshwa inarudishwa. Ipitisheni, kila mtu aishike, aikunje hivi aone inavyolala.