Moyo Hutangulia, Kano Hufuata

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mnaonijua mnajua nitaanza wapi. Kila nikiitwa kuzungumza juu ya mbio za farasi za masafa marefu, naulizwa chakula gani, kiatu gani, mazoezi saa ngapi. Umri wa farasi na safari alizokwisha kumaliza hauulizi mtu. Leo naanza na hilo.

Niliwahi kumhudumia farasi jike wa Kiarabu, miaka sita, mazoezi ya miezi minane. Akifika kituo cha ukaguzi, pale farasi wanapopimwa njiani, mapigo ya moyo yako chini ya 60 kwa dakika hata hatujamaliza kumvua tandiko. Watu wakija kumtazama. Kituo cha pili vilevile. Mwenye farasi akaniambia, "Daktari, huyu hajui kuchoka." Nikamwambia apunguze mwendo. Hakupunguza, nami sikumkazania, na mpaka leo najuta. Kituo cha tatu mapigo yakawa mazuri tena. Akakimbizwa bila mpandaji, akiongozwa kwa mkono mbele ya wakaguzi, kichwa kikawa kinapanda kila akikanyagia mguu wa mbele wa kushoto. Kano imeumia. Mashindanoni hakurudi tena.

Kilichotudanganya ni moyo ule. Moyo na misuli huitikia mazoezi kwa wiki na miezi. Mifupa na kano hutaka miaka, na pingili za uti wa mgongo ndizo za mwisho kukomaa, karibu na mwaka wa 6. Kwa hiyo farasi wa miaka mitano anaweza kuwa na moyo wa mtu mzima juu ya miguu ya mtoto, na wewe unampima moyo! Ilhali kinachowatoa farasi wengi njiani kuliko kitu kingine ni kuchechemea.

Tazameni Tevis Cup kule California: maili 100, kama kilomita 160 za milima na makorongo yenye joto kali, kuishia Auburn, ndani ya saa 24. Ilianza 1955. Farasi asiyetimiza miaka 6 haanzi, na bado miaka mingi karibu nusu ya walioanza hawafiki. Kisha mchukueni Witezarif, farasi wa Donna Fitzgerald: kati ya 1970 na 1976 alishinda mbio hizo mara 6. Farasi yuleyule!

Najua mtaniambia: "Wakongwe wanamaliza kwa sababu dhaifu wamekwisha kuchujwa." Kweli, sibishi. Ukihesabu farasi wa miaka 12 unahesabu waliobaki. Na umri peke yake haujengi mguu. Mtoe bandani farasi wa miaka kumi asiyezoezwa, umpeleke kilomita 160, utamrudisha garini. Lakini niambieni, hao waliochujwa walichujwa na nani? Wangapi tuliwachuja sisi, kwa pupa ya msimu mmoja?

Halafu kuna elimu ya farasi mwenyewe. Farasi mgeni wa mbio, wenzake wakiondoka, anashindana na lijamu, anajimaliza asubuhi, na kwenye maji anashangaa watu badala ya kunywa. Mzoefu anatumbukiza mdomo, kituoni anakula katikati ya kelele. Hilo halifundishwi kwa miezi minane.

Marekani, AERC, chama cha mbio hizi za masafa marefu, kina tuzo ya farasi na mpandaji waliomaliza pamoja, kila mwaka kwa miaka 10, walau mbio moja ya maili 50 au zaidi. Miaka kumi, ndugu zangu! Tuzo ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka hapa Ghuba, ambako njia ni tambarare na kila mtu anakimbiza.

Nilitaka kusema juu ya mchanga na juu ya uzito wa mpandaji, lakini naona naoneshwa saa. Uzito tutauzungumza kwenye kahawa. Yule bwana aliyenisimamisha mlangoni kwa farasi wake wa miaka mitano, asiondoke. Nataka nimwone huyo farasi akitembea kabla bwana huyo hajamsajili popote.