Ushuru Ulipungua, Watu Wakachachamaa

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanzie kwenye molasi, ile shira nyeusi inayobaki miwa ikishatoa sukari. Mwaka 1764 Bunge la Uingereza lilishusha ushuru wa molasi ya kigeni iliyoingia katika makoloni yake ya Amerika, kutoka peni sita kwa galoni hadi peni tatu. Ulipungua nusu nzima, na hapo ndipo manung'uniko yalipopamba moto. Kwa nini?

Kwa sababu zile peni sita za tangu 1733 kwa sehemu kubwa hazikuwa zikilipwa. Molasi ilipita kwa magendo, na maofisa wa forodha walifumba macho. Peni tatu zilikuja na manowari za doria, na aliyekamatwa aliweza kupelekwa kwenye mahakama ya mambo ya bahari, mbele ya jaji peke yake, bila juri ya raia wenzake. Siwezi kulipita hili kimya: molasi hiyo ilitoka mashamba ya Karibiani, kwa jasho la watumwa waliochukuliwa Afrika. Waliodai haki zao Boston, mji wa bandari katika makoloni hayo, hawakuwadaia hao watumwa haki zao.

London nayo ilikuwa na sababu. Vita na Ufaransa vilivyokwisha 1763 viliiachia deni la pauni milioni 130 hivi. Basi 1765 ikaja kodi ya stempu, yaani muhuri wa kulipia uliotakiwa kwenye magazeti, hati za mahakama, hata karata za kuchezea. Iliwagusa mawakili na wachapaji, watu wenye ulimi na kalamu. Wajumbe wa makoloni tisa wakakutana New York, wakasema: hatuna mbunge London, Bunge lile halina haki ya kututoza. Kodi ikafutwa 1766, lakini papo hapo ikatungwa sheria iliyotangaza kwamba Bunge lina mamlaka juu ya makoloni kwa jambo lolote lile.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1767 waziri wa fedha, Charles Townshend, aliweka ushuru kwenye chai, karatasi, vioo, rangi na madini ya risasi. Fedha hizo zilikusudiwa kuwalipa magavana na majaji. Zamani, katika makoloni mengi, mshahara wa gavana ulitoka kwenye baraza la wawakilishi wa koloni. Akiwadharau, wanaukalia. Ukilipwa na London, baraza linabaki na nini mkononi? Kwangu mimi, hiki ndicho kiini cha ugomvi wote, kuliko bei ya kitu chochote.

Ndiyo maana mwaka 1773, sheria mpya ilipoiruhusu Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, kupeleka chai moja kwa moja Amerika kwa bei nafuu, huku ule ushuru wa chai wa Townshend, peni tatu kwa ratili, ukiachwa palepale, watu hawakushukuru. Usiku wa Desemba 16 waliingia kwenye meli tatu bandarini Boston, wakapasua makasha 342 na kuimwaga baharini chai iliyokuwa imeshuka bei.