Vitanda viwili kwenye trela yetu: hatujaachana jamani

Haya jamani karibuni, leo sina mziki wala mbwembwe, naingia moja kwa moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tangu niposti ile video fupi ya ndani ya trela yetu, kijumba cha kulala kinachovutwa na gari, swali ni lile lile asubuhi jioni, "dada mbona vitanda viwili?" Mwingine kaandika "ndoa za ughaibuni hizo." Na kuna mmoja, wa ukoo kabisa, namjua, akampigia mama simu kumuuliza kama huku kwema. Mama naye akanipigia saa nane usiku ananong'ona. Saa nane usiku! Kwaiyo leo naeleza mara moja, nikimaliza sirudii.

Na najua mko makundi mawili. Kundi la kwanza mnasema naringa, eti wenzetu sasa wanatembea na nyumba. Kundi la pili mnasema tumefulia, tumefukuzwa kwenye nyumba ndo tunalala kwenye trela. Sasa mkae nyinyi wenyewe mkubaliane, maana siwezi kuwa naringa na nimefulia siku hiyo hiyo. Ni trela ndogo, used, ina miaka yake, tunaivuta kwa gari wikiendi na likizo basi. Bei sitaji. Mara ya mwisho nilitaja bei ya kitu hapa nikaletewa meseji kumi na moja za kuombwa mkopo, na mmoja alishanipigia na hesabu kabisa ya hela itakayobaki.

Sasa vitanda. Mume wangu ana sentimita 190. Mimi mfupi mnaniona, lakini mimi usiku naamka, mara mbili, mara tatu, ndo nilivyo. Hayo mambo mawili, urefu wake na kuamka kwangu, ndo yamechagua trela. Sio rangi, sio jiko, sio zile taa za bluu chini ya kabati ambazo muuzaji anaziwasha kwanza kabla hajakusalimia.

Trela nyingi ndogo Marekani kile kitanda kikubwa cha watu wawili wanachokiita kwini sio kwini unayoijua. Ya nyumbani ni inchi 60 kwa 80. Ya kwenye trela upana uleule 60 ila urefu wanaukata, unakuta 74 au 75. Inchi 74 ni sentimita 188. Mume 190, kitanda 188, na bado hujaweka mto. Alafu ili nafasi ipatikane kitanda wanakisukumia kona, ukuta kichwani, ukuta miguuni, ukuta ubavuni, mnapandia upande mmoja tu. Kwaiyo mmoja analala kwa ndani. Wa kwa ndani akitaka kutoka anampanda mwenzie kama mbuzi anavuka ukuta. Tulikodi moja ya hivyo siku mbili kabla ya kununua, na nashukuru tulikodi, maana usiku wa pili mume wangu aliamka na goti langu tumboni, akakaa kitako gizani akasema taratibu sana, "hii hapana." Hakuna mtaalamu wa trela aliyewahi kutupa ushauri mzuri kuliko lile goti.

Kwaiyo vitanda viwili, kimoja kila upande, njia katikati. Chake kinafika sentimita 198, ananyooka. Mimi naamka naenda zangu, narudi, hajui. Tunashikana mikono kupitia kwenye njia mkitaka kujua. Nimemaliza hapo.

Nimemaliza vitanda, sijamaliza trela, maana wengine mmeniuliza tulifikaje kwenye hii, na wale mlio huku mnaotaka kununua mnisikilize kwenye uzito kwanza. Hapa ndo karibu tuliwe.

Tulienda kwa muuzaji, simtaji, tukakuta moja nzuri, nilikuwa nishaipenda, nishaona pazia. Gari letu linaruhusiwa kuvuta kilo 2,270. Yule kaka akasema trela ina kilo 1,950, mko salama kabisa, saini hapa. Tena alikuwa anamwambia mume wangu tu. Mimi ndo navuta, mimi ndo dereva, mume wangu anaendesha vizuri ila akifungiwa trela nyuma anatoka jasho la mikono, tulishakubaliana. Lakini kila nikiuliza swali yule kaka anamgeukia mume wangu ndo anajibu. Nikauliza hizo 1,950 ni pamoja na maji? Akamjibu mume wangu, "maji sio mazito."

Maji sio mazito! Lita moja kilo moja. Tangi la pale lilikuwa linaingia kama lita 114, kwaiyo hizo ni kilo 114, huyo ni mtu mzima mnene amekaa ndani. Ile 1,950 ni uzito wa trela tupu, haina maji, haina nguo, haina sufuria hata moja. Namba ya kuangalia ni ile ya juu kabisa, ambayo trela haitakiwi kuipita ikishapakiwa, imeandikwa kwenye kibandiko ubavuni kwa nje. Nikatoka nikaenda kuisoma mwenyewe. Kilo 2,500. Gari mwisho 2,270.

Na hata ingekuwa gari linavuta, kuna namba nyingine hawakwambii. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kinasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo kadhaa. Letu ni 500. Trela inakandamiza gari kwa nyuma pale inapounganishwa, na inatakiwa ikandamize kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, ikiwa nyepesi sana pale mbele inaanza kutingisha mkia barabarani, ukiona hilo mara moja hutasahau. Sasa chukua asilimia 13 ya 2,500 ni 325. Mume wangu na mimi pamoja 165. Vyuma vya kuvutia na vitu vya kwenye buti weka 60. Hiyo ni 550. Tumeshapita kwa kilo hamsini na hatujabeba hata mgeni. Hii tuliyonayo juu kabisa ni kilo 1,700, asilimia 13 ni 221, jumla inakuja 446, inabaki kidogo ya kupumua. Hiyo ni gari letu na miili yetu, wewe pima yako usije ukanipigia simu uko pembeni ya barabara.

Mume wangu yeye alikuja na masharti yake, na la kwanza lilikuwa hataki choo. Hataki kabisa. Alisema sitavuta mavi yangu barabarani nikalipia na mafuta. Nikamwambia wewe huamki usiku. Tulibishana wiki, sio utani, hadi tukawa tunaongelea mambo mengine ya mwaka juzi ambayo hayahusiani. Wenye ndoa mnajua.

Kuna zenye tangi la kudumu chini, unaenda nalo hadi kwenye shimo la kumwagia, unaunga bomba unafungua. Na kuna zenye kiboksi unachomoa kwa nje kama begi, kinaingia chini ya lita 20, unakwenda kukimwaga popote penye choo cha kawaida. Tukakubaliana kiboksi. Anakimwaga nani? Mimi. Ndo bei niliyolipa. Yeye akapata vitanda virefu, mimi nikapata choo na kazi ya choo, msiniulize kama nilishinda. Alafu bafu ni lile la kila kitu pamoja, choo na bomba la kuogea chumba kimoja, unaoga umesimama hapo hapo penye choo, ukimaliza kila kitu kimelowa hadi karatasi ukisahau kuitoa. Tungetaka vitengane tungeongeza urefu, na urefu ni uzito, na uzito nimeshawaeleza.

Kuhusu urefu kuna mchezo mwingine. Futi wanazotangaza mara nyingi wamehesabu mpaka ule mkono wa mbele wa kuvutia. Unasikia futi 13 unafurahi, unaingia ndani unakuta 10. Beba tepu yako. Na vueni viatu mlale, wote wawili, kwa muda mrefu, sio kukaa pembeni na kubonyeza godoro. Sisi kwenye hii tulilala kama dakika arobaini, muuzaji akaja kugonga akidhani tumeondoka na hatujaaga. Kisha mmoja ajifanye anapika na mwingine ajifanye anataka kupita. Mkigusana kila mara na mko mnacheka, sawa. Mkigusana na mmoja ameshaanza kuvuta pumzi kwa hasira, ondokeni.

Yetu ni zile za faibaglasi, plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, zimeundwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vimekutana katikati kama yai. Nilizipendea sababu moja, hazina maungio mengi ya kupitisha maji. Zile zingine za boksi ukuta umeungwaungwa, paa limeungwa, kila penye maungio kuna gundi inayozeeka, maji yakiingia mbao ndani inaoza kimya kimya, unakuja kujua ukibonyeza ukuta unarudi ndani kama sponji. Bonyezeni kuta jamani, bonyezeni kona za chini, fungueni makabati mnuse. Haimaanishi za mayai hazivuji, madirisha yanavuja kama kawaida, letu moja lilivuja, nimeziba.

Mume wangu, ambaye hakutaka choo, ndo amesoma historia yake yote sasa hivi. Anawaambia watu kwamba kati ya hizi za mayai za mwanzo mwanzo ni za Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, zikiitwa Boler, na kwamba aliyezibuni kabla ya hapo alishatengeneza tangi la maji taka la faibaglasi. Anaisimulia hii kila tunapokaa na wageni, ananiangalia mimi.

Matairi nayo. Aliyetuuzia ni mtu binafsi, sio mtu mbaya, alisema matairi mapya. Kwa macho yalikuwa mapya kweli, meusi, kashata zote zipo. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, mwishoni tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yalikuwa 3714. Wiki ya 37 mwaka 2014. Tairi la trela linazeeka limesimama, linapigwa jua, kashata hazijaisha ila raba imekufa. Alipunguza hela kidogo, nikabadilisha yote kabla sijaitoa mjini, hela iliyopungua haikufika hata nusu ya matairi.

Na msidhani ukishanunua umemaliza kulipa. Bima ya gari kwa kawaida inamlipia yule utakayemgonga na trela, ila trela yenyewe ikiumia ni bima nyingine. Mtaani kwetu kuna chama cha wakazi, trela ilikaa mbele ya nyumba siku nne nikaletewa barua, barua nzuri kabisa ina nembo, kwamba inaharibu mandhari. Jirani ana boti imekaa mwaka mzima. Nikauliza, nikaambiwa boti iko "nyuma ya mstari." Sasa tunalipia sehemu ya kuihifadhi kila mwezi, yaani trela ina kodi yake ya nyumba. Na hiyo mliyosema tunaringa nayo.

Makaratasi ndo yanayonila sasa hivi. Kadi ya umiliki majina yetu yote mawili, tulitaka hivyo. Dirishani yule mama akauliza, kati ya majina niweke "na" au niweke "au"? Nikadhani ananitania. Kumbe majimbo mengi ikiandikwa "na," siku ya kuuza lazima msaini wote wawili, na ikiandikwa "au" mmoja tu anaweza kusaini akauza. Nikamwangalia mume wangu, akaniangalia. Foleni nyuma yetu imejaa. Mtu umeolewa miaka yote hiyo unaulizwa na kompyuta kama mnaaminiana. Tukasema "na," kwa pamoja, haraka haraka kidogo kuliko ilivyopaswa.

Kadi imekuja na "au." Na jina langu limekosewa herufi, kama kawaida yao, jina langu halijawahi kuandikwa sawa na ofisi yoyote mara ya kwanza. Nimerudisha, nimelipia tena kurekebisha kosa lao, nimeambiwa nisubiri. Mume wangu anasema tuache tu ibaki "au," mimi nasema hapana. Kwaiyo mnaotaka cha kumwambia mama usiku, hilo ndo la kweli tunalobishana, sio vitanda. Kadi ikirudi nitawaonyesha, ila jina nitaliziba.