Kanda ya Berkeley, Leseni ya AT&T

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie leseni za msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa mifumo endeshi. Nitashika kisa kimoja tu, cha Unix, maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Unix ilianzia Bell Labs mwaka 1969, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Tangu 1956 kampuni hiyo ilikuwa imefungwa na amri ya mahakama isifanye biashara nje ya mambo ya simu, kwa hiyo vyuo vikuu viliupata msimbo kwa ada ndogo. Lakini masharti yakaanza kubana. Leseni ya toleo la saba, 1979, ilikataza msimbo usifundishwe darasani. Yaani umelipia, unao, ila ole wako umfunulie mwanafunzi! Profesa Tanenbaum kule Amsterdam akaamua kuandika MINIX, mfumo wake mdogo wa kufundishia. AT&T ilipogawanywa mwaka 1984 na kufunguliwa mikono, bei nazo zikapaa.

Sasa Berkeley, chuo kikuu cha California. Wao walikuwa wameongeza mengi juu ya Unix, lakini msimbo wa AT&T ulibaki humohumo. Ukitaka kanda yao, ile ya sumaku iliyobeba msimbo, kwanza uoneshe leseni ya AT&T. Kumbe wenye leseni ya zamani, ile ya toleo la Unix liitwalo 32V, walikuwa na nafuu: iliwatosha kupokea matoleo mapya ya Berkeley bila kupanda ngazi za bei za AT&T. Waliotaka itifaki za mtandao tu, TCP/IP, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, ndio walioumia. Kipande hicho kiliandikwa Berkeley, lakini walilipia mfumo mzima.

Wakalalamika. Mwaka 1989 Berkeley ikatoa kanda ya mtandao peke yake kwa dola 1,000, na ukishaipata, nakili ugawe utakavyo. Wanaodai programu huria ilizaliwa na itikadi tupu, mimi huwaomba waitazame bei hiyo kwanza.

Keith Bostic, mtayarishaji programu wa Berkeley, hakuishia hapo. Aliomba watu wa kujitolea waandike upya programu ndogondogo za Unix bila kuchungulia msimbo wa AT&T; malipo yao yalikuwa jina kuorodheshwa kando ya programu aliyoiandika mtu. Wenzake wakachambua kiini, yaani moyo wa mfumo, faili kwa faili, wakakwama kwenye sita tu. Hizo wakaziacha nje, wakatoa kanda ya pili mwaka 1991.

Kampuni ya BSDI ikajaza pengo na kuuza mfumo kamili, msimbo ukiwemo, kwa dola 995. Kesi ikafuata mwaka 1992: AT&T, kupitia kampuni yake tanzu, iliishtaki BSDI. Ilipomalizwa kwa maelewano, Januari 1994, kati ya faili kama 18,000 za Berkeley, zilizolazimika kuondolewa ni tatu.

Hata hivyo gharama haikuisha. FreeBSD, mfumo mwingine uliotokana na msimbo wa Berkeley na uliokuwa ukigawiwa bure, ililazimika kuacha kutoa toleo lake la kwanza na kujijenga upya juu ya msimbo uliosafishwa wa Berkeley, uitwao 4.4BSD-Lite. Toleo la 2.0 lilitoka Novemba mwaka huohuo, baada ya miezi ya kazi ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

Karibuni maswali.