Darubini ya Bei Chee: Kliki 50, Sentimita 48

ZUHURA: Haya, Mwita, Jumamosi umeshinda uwanja wa shabaha na ile darubini ya bunduki, ya bei chee. Lete habari.

MWITA: Dada, kliki zake, ile mikwaruzo ya kifundo cha kurekebisha shabaha, ni fupi. Kila moja imeandikwa miliradiani 0.1, yaani sentimita 1 kwa mita 100. Nilipandisha kliki 50, msalaba wa kulengea ndani ya darubini ukasogea sentimita 48 kwenye rula iliyo mita 100.

ZUHURA: Asilimia 4. Ukilenga mita 400 na kupandisha miliradiani 3, risasi itapiga chini karibu sentimita 5.

MWITA: Na jaribio la mraba ilipita! Kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, ikarudi palepale. Mraba hujifunga hata kliki zote zikiwa fupi sawasawa.

ZUHURA: Mita 100 ulizipima kwa nini?

MWITA: Kwa tepu, toka darubini hadi rula.

ZUHURA: Vizuri. Maana ukihesabu hatua ukasimama mita 96, utapata sentimita 48 hizohizo na darubini haina kosa. Na rula?

MWITA: Timazi. Uzi na kizito, rula sambamba na uzi.

ZUHURA: Na darubini kwenye pete zinazoishika juu ya bunduki?

MWITA: Timazi hiyohiyo. Mstari wima wa msalaba ulalie uzi. Wengi huweka pimamaji juu ya kifuniko cha kifundo, na kifuniko hakilingani na msalaba kila mara.

ZUHURA: Hapo tukae kidogo. Msalaba ukiinama nyuzi 3 tu, kwa hizo miliradiani 3 za mita 400 risasi inakwenda kando sentimita 6. Mtu atalaumu upepo.

MWITA: Na skrubu za pete huvuta darubini ipinde unapozikaza. Kaza kidogokidogo kwa kupokezana, kisha rudi kwenye uzi.

ZUHURA: Mkazo?

MWITA: Nyutoni-mita 2 hivi, ila fuata maelezo ya pete. Ukizidisha, neli inabonyea na msalaba unakwama.

ZUHURA: Sasa mimi ningepima bila kufyatua. Bolti ya bunduki nje, bunduki imebanwa kwenye jiliwa, unatazama rula tu. Risasi zako tatu zikitawanyika sentimita 3, kosa la sentimita 2 utalionaje?

MWITA: Jiliwa halipigi teke, dada. Springi ya ndani ikilegea, unazungusha kifundo msalaba unabaki, hadi risasi ya kwanza iurushe mahali pake. Mimi nafyatua 20, ndipo napima.

ZUHURA: Ukifyatua kwanza hujui kama ilitoka kiwandani mbovu au umeiharibu wewe.

MWITA: Mbovu ni mbovu. Aliyeko porini hatauliza iliharibika lini.

ZUHURA: Anayeirudisha dukani atauliza.

MWITA: Lakini dukani si ndiko inakotumika.

ZUHURA: Sikubali. Na muda umekwisha. Majaribio ya maji vuguvugu, ya ukungu, na ya paralaksi, yaani msalaba kuhama jicho likihama, yote yamebaki.

MWITA: Wasikilizaji, risasi 20 kwanza.

ZUHURA: Jiliwa kwanza.