Taarifa Inayopaswa Kufuatana na Mbegu Tunazopeana

Ndugu zangu wapenzi wa bustani,

Anayepewa mbegu hupewa kitu asichoweza kukikagua. Nyanya akiipasua ataiona ilivyo, lakini mbegu yake haimwambii lolote mpaka ameshaitolea ardhi, maji na miezi kadhaa ya jasho. Ndiyo maana nimechagua kuzungumzia taarifa inayopaswa kufuatana na mbegu, kwa kuwa naamini kwamba pakiti isiyo na maelezo ni afadhali isitolewe kabisa.

Kubwa kuliko yote ni uchavushaji. Nyanya, maharage na njegere kwa kawaida hujichavusha zenyewe, hivyo aliyepanda aina mbili za maharage katika bustani moja anaweza kumpa mwenzake mbegu akiwa na uhakika mkubwa kwamba zitafanana na mzazi wao. Maboga hayako hivyo. Chavua yake hubebwa na nyuki kutoka bustani hata bustani, na boga utakalochuma halitaonyesha dalili yoyote, kwa sababu mchanganyiko umo ndani ya mbegu na utajitokeza katika kizazi kijacho. Iwapo chavua ilitoka kwenye boga la mapambo la spishi hiyohiyo, kizazi hicho kinaweza kuzaa matunda machungu yenye kukurbitasini, kemikali inayoweza kumtapisha na kumharisha mlaji. Kwa hiyo nasisitiza kwamba mbegu za maboga ambayo maua yake hayakulindwa asipewe mtu anayetaka kupanda chakula.

Kulinda ua si kazi ngumu. Jioni tafuta ua la kike, ambalo lina kijiboga chini yake, na ua la kiume, yote mawili yakiwa yameanza kuwa ya manjano lakini hayajafunguka, kisha uyafunge ncha kwa uzi. Asubuhi chuma lile la kiume, ubandue petali zake, ulisugue taratibu ndani ya la kike, halafu ulifunge tena la kike ili nyuki wasiingie, na uache alama ya utepe kwenye kikonyo. Boga lenye utepe ndilo la mbegu. Mengine yaende jikoni.

Mahindi yana shida ya namna nyingine, maana mbegu zikichukuliwa kwenye mashina machache tu, uzao hudhoofika kizazi baada ya kizazi. Mwenye bustani ndogo hawezi kulitatua hilo peke yake, na hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya kubadilishana: watu kadhaa wanaokuza aina ileile wakichanganya mbegu zao, kila mmoja hurudi na mbegu zenye wazazi wengi. Idadi ya mashina mama basi iandikwe, sambamba na jina la aina na mwaka wa mavuno. Kama mzazi alikuwa chotara wa dukani, hilo nalo lisifichwe, kwani watoto wa chotara hutofautiana na mzazi wao na hata wao kwa wao.

Mwaka wa mavuno una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbegu za vitunguu huanza kupoteza uwezo wa kuota baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali za nyanya zilizokaushwa vyema na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi hudumu miaka minne au zaidi. Kabla ya kutoa, funga mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu, uzihesabu zilizoota, na uandike idadi hiyo kwenye pakiti hata kama ni ndogo. Maharage yaliyokuwa na majani ya mabaka yaachwe, kwa sababu virusi vya batobato husafiri ndani ya mbegu.

Mpokeaji naye ana wajibu. Baada ya kuvuna, amweleze aliyempa jinsi mmea ulivyozaa, na kama ulikuwa wa aina yake halisi, atenge mbegu kidogo za kumrudishia, kwa kuwa huenda huyo wa kwanza amekwisha kupoteza zake kwa ukame au wadudu.